Meli Inapokwama Baharini, Kwa Nini Kata Zetu Husubiri

Kutoka Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Mkoa wa Dodoma hauna bahari. Mkazi wa Bahi au Mvumi anayetaka kuiona meli ya baharini kwa macho yake hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Dar es Salaam. Hata hivyo, neno "meli" halikosekani katika mikutano ya vijiji na mitaa yetu. Kituo cha mafuta kikikauka, jibu la kwanza ni kwamba meli imeharibika. Mbolea ikichelewa, tunaambiwa meli haijaingia. Wapo wanaoliamini jibu hilo mara moja, na wapo wanaoliona kuwa kisingizio cha wafanyabiashara wanaotaka kupandisha bei.

Pande zote mbili hupata hasara zikikosa maelezo. Anayeamini kila uvumi hukimbilia kujaza petroli katika madumu na kuyaweka uvunguni mwa kitanda. Asiyeamini lolote hungoja mbolea dukani hadi mvua za kupandia zimempita. Kwa sababu hiyo, toleo hili linaeleza kwa utaratibu nini hutokea meli inapopata hitilafu karibu na bandari, kwa nini huchelewa kufunga gatini, na namna uchelewaji huo unavyosafiri hadi kufika katika kata zetu.

MELI NI MJI UNAOELEA

Wengi wetu tukisikia kwamba meli imeharibika, hufikiria injini iliyozima kama ya lori. Meli ina zaidi ya hilo. Ipo injini kuu inayozungusha pangaboi ili chombo kisonge mbele. Zipo jenereta zinazotoa umeme wa taa, pampu, mitambo ya mawasiliano na usukani. Ipo mifumo ya mafuta, ya vilainishi na ya maji ya kupozea. Mifumo hii hutegemeana. Umeme ukikatika, pampu za mafuta na za maji husimama, na injini kuu nayo huzima baada ya muda mfupi. Usukani wa meli kubwa husukumwa na mitambo, kwa hiyo umeme ukipotea nahodha hubaki na chombo kizito kisichotii amri.

Mfano mzuri ulitokea katika bahari yetu hii ya Hindi. Mnamo Februari 27, 2012, meli ya utalii iitwayo Costa Allegra ilikuwa safarini kutoka Madagaska kwenda kisiwa cha Mahé, Shelisheli. Ndani yake walikuwamo abiria 636 na mabaharia 413. Moto ulizuka katika chumba cha jenereta. Mabaharia waliuzima na hakuna aliyeumia, lakini umeme wa meli nzima ulipotea. Meli ilibaki ikielea bila nguvu ya kusonga. Vyumba vilikuwa na joto kali, majiko hayakuwaka, na abiria wengi walilala juu ya sitaha ili wapate hewa.

Chombo cha kwanza kufika na kamba ya kuvuta kilikuwa meli ya Kifaransa ya kuvulia samaki aina ya jodari. Ilianza kuivuta meli hiyo kubwa polepole, na Machi 1 ikafikishwa Mahé. Palikuwa na visiwa vidogo vilivyo karibu zaidi, lakini havikuwa na mahali pa kufunga meli ya ukubwa ule wala uwezo wa kuwahudumia zaidi ya watu 1,000 kwa mara moja. Hapa tunapata somo la kwanza: meli yenye hitilafu hupelekwa mahali inapoweza kupokelewa kwa usalama, hata kama pako mbali.

Chanzo cha hitilafu kinaweza kuwa kitu kidogo. Mwezi Machi 2019, meli ya utalii Viking Sky, yenye watu 1,373, ilipoteza nguvu za injini katika dhoruba karibu na pwani ya Norwe. Watu 479 waliokolewa kwa helikopta. Sababu mojawapo iliyobainika ni kiwango kidogo cha oili ya kulainisha injini. Meli ilipoyumba, oili ikahama upande mmoja na mitambo ya usalama ikazima injini. Mwendesha trekta wa Kongwa ambaye hupima oili kila asubuhi kabla ya kuingia shambani ataielewa habari hiyo bila maelezo zaidi.

KWA NINI HAIRUHUSIWI KUINGIA HARAKA

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: ikiwa meli tayari imekwishafika Dar es Salaam na inaonekana kutoka ufukweni, kwa nini isiingizwe tu ikatengenezewe ndani?

Lango la Bandari ya Dar es Salaam ni njia nyembamba yenye kona, inayopita kati ya Kigamboni na mjini. Meli kubwa haiingii yenyewe. Rubani wa bandari, ambaye ni nahodha anayeijua njia hiyo, hupanda melini na kumwongoza nahodha mwenyeji. Boti zenye nguvu huisukuma na kuivuta hadi gatini. Kina cha maji, hali ya upepo na mkondo wa bahari hupimwa kabla. Iwapo injini au usukani una shaka, mamlaka ya bandari huiamuru meli itie nanga nje hadi mafundi wathibitishe kuwa ni salama, au hadi zipatikane boti za kutosha kuivuta bila kutegemea mitambo yake.

Tahadhari hiyo ina sababu. Juni 2, 2019, meli ya utalii MSC Opera ilipata hitilafu ilipokuwa ikikaribia kufunga katika mji wa Venice, Italia. Nahodha hakuweza kuipunguza mwendo, nayo ikaligonga gati pamoja na boti ya watalii iliyokuwa imefungwa hapo. Watu kadhaa walijeruhiwa.

Tukio zito zaidi ni la Machi 26, 2024, huko Baltimore, Marekani. Meli ya makontena iitwayo Dali, yenye urefu wa takriban mita 300, ilipoteza umeme muda mfupi baada ya kuondoka bandarini, ikagonga nguzo ya daraja. Daraja lilianguka na mafundi sita waliokuwa wakikarabati barabara juu yake walifariki. Wachunguzi wa Marekani walibaini kuwa chanzo kilikuwa waya mmoja uliolegea. Njia ya kuingilia bandari hiyo ilifunguliwa kikamilifu Juni 10, yaani baada ya takriban wiki 11.

Tufikirie sasa jambo kama hilo likitokea katika lango la Dar es Salaam. Meli moja ikikwama au kuzama katika njia ile nyembamba, magati yote ya ndani hufungwa kwa pamoja. Tanzania yenyewe ingeumia, na pamoja nayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi zinazopitisha mizigo yake hapo. Kwa hiyo siku mbili za kungoja nje, ingawa zinatukera, ni bei ndogo ya kulinda lango hilo.

MELI MOJA HUCHELEWESHA NYINGINE

Gati halikai wazi kusubiri. Kila meli hupangiwa siku na saa, kwa kuwa mashine za kupakulia, wafanyakazi na malori huandaliwa mapema. Meli ikikosa nafasi yake kwa sababu ya hitilafu, hupewa nafasi meli iliyo nyuma yake, na iliyochelewa huingia katika foleni upya. Hitilafu ya siku moja inaweza hivyo kuzaa uchelewaji wa siku tano. Ikiharibikia gatini wakati wa kupakua, hali ni mbaya zaidi, maana inakalia nafasi na wengine wote husubiri.

Mvua nayo huongeza tatizo. Mbolea na ngano zinazoletwa bila kufungashwa hazipakuliwi mvua inaponyesha, kwa sababu maji huziharibu. Milango ya matumbo ya meli hufungwa na kazi husimama. Mvua za vuli za Dar es Salaam hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba, na hicho ndicho kipindi ambacho mkulima wa Dodoma anangoja mbolea yake. Mara nyingi mashine huwa nzima na kinachosubiriwa ni jua.

Kwa upande wa mafuta, nchi yetu huagiza kwa pamoja kupitia Wakala wa Uagizaji Mafuta kwa Pamoja (PBPA), na meli hupokelewa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kwa utaratibu huo, meli moja hubeba mafuta ya kampuni nyingi. Faida yake ni unafuu wa gharama. Upande wa pili ni kwamba meli hiyo ikichelewa, kampuni nyingi huguswa kwa wakati mmoja. Mwenye meli pia hulipwa fidia kwa kila siku ambayo chombo chake kinakaa kusubiri kupakua kupita muda uliokubaliwa, na gharama hiyo huingia katika hesabu ya bei ya mafuta.

KUTOKA GATINI HADI KATANI

Shehena ikishapakuliwa, safari ya kuja huku inaanza. Zamani njia ilikuwa barabara na reli ya kati pekee. Wasomaji wengi huenda hawajui kwamba hata meli imewahi kupita Dodoma. Meli ambayo leo tunaiita MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa na kufungwa katika masanduku. Ilipakuliwa Dar es Salaam na vipande vyake vikasafirishwa kwa reli ya kati hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Bandari na reli zimekuwa mwili mmoja tangu wakati huo.

Leo tuna reli ya kisasa. Treni za abiria zilianza kufika Dodoma Julai 25, 2024, na reli hiyo ikazinduliwa rasmi Agosti 1 mwaka huo. Mnamo Julai 31, 2025, bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani ilizinduliwa pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli hiyo. Lengo la bandari kavu ni kuyaondoa makontena gatini mapema na kuyapanga mbali na msongamano wa jiji.

Maendeleo hayo yanapunguza muda wa kutoka gatini hadi kwetu. Hayawezi kufupisha muda ambao meli inasubiri nje ya lango. Mwananchi anayesema "treni ipo, kwa nini mzigo haujafika" anapaswa kuzitenganisha hatua hizo mbili.

NINI HUGUSWA HAPA KWETU, NA NINI HAKIGUSWI

Mbolea. Hapa ndipo pana uzito wa pekee. Ukanda wetu una msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Mkulima wa mikoa yenye misimu miwili akikosa mbolea ya msimu wa kwanza, ana wa pili. Wetu hana. Wiki tatu za kungoja zinaweza kuwa tofauti ya ghala lenye chakula na ghala tupu.

Dizeli. Baadhi ya visima vya vijijini bado huendeshwa kwa pampu za dizeli. Mafuta yakikosekana, mama anarudi kwenye kisima cha kuchimba mtoni, na mifugo inatembezwa mbali.

Mafuta ya kula. Sehemu kubwa ya mafuta ya mawese huletwa kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Meli zake zikichelewa, bei hupanda madukani. Kwa mkulima wa alizeti wa Dodoma na Singida hii ni nafasi ya soko, na kwa mlaji ni sababu ya kutazama mashine ya kukamulia iliyo jirani kabla ya kulalamikia bei ya dukani.

Dawa na chanjo. Dawa za zahanati zetu hupatikana kupitia Bohari ya Dawa (MSD), ambayo hutunza akiba katika kanda, Dodoma ikiwa mojawapo. Vituo huagiza kabla akiba haijaisha, kwa hiyo meli moja kuchelewa haipaswi kumfanya mgonjwa akose dawa kesho yake. Chanjo kwa kawaida huletwa nchini kwa ndege. Mzazi asiache kumpeleka mtoto kliniki kwa sababu amesikia habari za meli.

MKAZI AFANYE NINI

Halmashauri haina mamlaka juu ya bandari wala haipangi bei ya mafuta. Yafuatayo yamo ndani ya uwezo wetu sote.

1. Usihifadhi petroli ndani ya nyumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kimyakimya hadi ukutane na jiko la mkaa, kibatari au kiberiti kilicho chumba cha pili. Dumu la plastiki lililofungwa vizuri hupitisha mvuke linapopata joto la mchana wetu. Wiki ya usumbufu wa usafiri inavumilika. Nyumba iliyoungua na watoto ndani yake hairudi.

2. Ijue bei halali. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta, na huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Bei ya mwezi huu imekokotolewa kutokana na mafuta yaliyoagizwa wiki kadhaa zilizopita. Kwa hiyo hitilafu ya meli iliyosikika asubuhi si sababu halali ya kituo kuuza juu ya bei kikomo jioni. Soma bango la bei kituoni, dai stakabadhi, na ukiona ukiukwaji toa taarifa EWURA au kwa mtendaji wa kata yako.

3. Jisajili na ununue mbolea mapema. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023 huhitaji mkulima awe amesajiliwa na kuwa na namba yake. Usajili na uhuishaji wa taarifa hufanyika katika kijiji au mtaa wako. Anayekamilisha usajili mapema hununua shehena ya kwanza inapofika, na anayengoja mvua zianze hukutana na foleni.

4. Usiahirishe kupanda kwa kungoja meli. Mbolea ya kupandia hukaa karibu na mbegu ili kujenga mizizi, na ile ya kukuzia huwekwa wiki kadhaa baadaye. Mvua ya kutosha ikinyesha na mbolea ya kupandia haijafika, ni heri kupanda kwa samadi iliyooza vizuri, ambayo kwa wafugaji wa Dodoma haikosekani zizini, kisha mbolea ya kukuzia itumike itakapopatikana. Kumbuka pia kwamba kiwanda cha Itracom kilichopo Nala, jijini Dodoma, huzalisha mbolea inayochanganya samadi na madini. Afisa ugani wa kata atakushauri ni ipi inafaa udongo wako. Mtama na uwele, mazao ya asili ya ukanda huu, huvumilia ukame na udongo hafifu kuliko mahindi.

5. Vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii viweke akiba. Kamati inayosimamia pampu ya dizeli itenge fedha za mafuta ya angalau wiki kadhaa na kuyahifadhi katika stoo iliyo mbali na makazi. Kwa vijiji vinavyopanga kubadili mfumo, wasilianeni na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) kuhusu pampu za umeme wa jua. Jua la Dodoma halisubiri zamu ya gati.

KWA WANAOSAFIRI KWA MELI

Tangu treni ya kisasa ianze, wakazi wengi zaidi hufika Dar es Salaam asubuhi na kuvuka kwenda Zanzibar siku hiyohiyo. Boti za abiria nazo hupata hitilafu. Tiketi ya treni na tiketi ya boti ni mikataba miwili tofauti, hivyo boti ikichelewa treni ya kurudi haitakungoja. Anayekwenda msibani, harusini au hospitalini aache nafasi ya saa kadhaa kati ya vyombo hivyo viwili, na ikiwezekana siku nzima.

Safari ikiahirishwa, tunza tiketi yako, omba kuelezwa muda mpya au namna ya kurejeshewa nauli, na usipohudumiwa peleka malalamiko kwa mdhibiti. Kwa Tanzania Bara ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Jambo moja halifai kabisa, nalo ni kumshinikiza nahodha aondoke na chombo chenye shaka au kilichojaza kupita kiasi. Taifa hili halijasahau kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018, na kuchukua roho za zaidi ya watu 220. Walikuwa wamebakiza hatua chache kufika gatini.

HITIMISHO

Meli kuchelewa ni jambo la kawaida katika biashara ya bahari, na litaendelea kutokea hata bandari zetu zikiboreshwa kiasi gani. Chombo chenye maelfu ya sehemu zinazozunguka mchana na usiku katika maji ya chumvi hakiwezi kukosa siku yake mbaya. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mkazi wa nyanda hizi kavu akiba hiyo ni namba ya usajili iliyohuishwa, samadi iliyokusanywa, mfuko wa pampu wenye fedha, na ujuzi wa bei halali.

Mwenye swali kuhusu usajili wa mbolea amwone mtendaji wa kijiji au mtaa wake. Mwenye swali kuhusu kilimo amwone afisa ugani wa kata. Na mwenye dumu la petroli ndani ya nyumba, tunamwomba alitoe leo kabla jua halijazama.